Unga Mgumu wa Mjomba

Kwao kila mtu alikuwa na jina la utani, na yeye alibandikwa la Kinyaa kabla hajapata akili ya kulikataa. Alikuwa mtoto asiyenywea kikombe cha mwenzake, asiyekalia kiti chenye joto la mtu aliyetoka kuinuka. Nywele ikinata kwenye sabuni, aliitoa kwa kijiti huku amefumba jicho moja. Kwa hiyo alipomaliza shule akasema anakwenda kujifunza kazi kwa mjomba wake, nyumbani waliulizana kama anaijua kazi yenyewe. Mjomba alikuwa fundi wa meno ya bandia.

"Midomo ya watu hiyo," mama yake alimwambia. "Utaiweza?"

"Midomo ni ya daktari," alijibu. "Sisi tunaletewa plasta."

Alisema kweli, ila hakusema yote. Daktari wa meno ndiye aliyechukua umbo la mdomo wa mgonjwa, na karakana ya mjomba, iliyokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme, ililetewa sanamu ya plasta, nyeupe na kavu kama chaki. Kinyaa aliipenda plasta. Aliipenda na nta ya waridi, aliyoipasha moto kidogo na kuifinyanga iwe fizi, kisha akapanga meno moja moja mpaka sanamu ikakenua. Baada ya hapo nta iliyeyushwa, na mahali pake wakashindilia kinyunga cha akriliki. Hicho ni unga wa rangi ya waridi uliochanganywa na maji ya dawa yenye harufu ya kuchoma pua. Wakakichemsha ndani ya kalibu mpaka kikawa kigumu, kisha wakakipiga msasa na kuking'arisha. Mpaka hapo hakuna kibaya.

Kibaya kilikuwa marekebisho. Meno yaliyorudi yalirudi kwenye karatasi ya chooni, kwenye mfuko wa nailoni, au kwenye kiganja cha mwenyewe, yakiwa bado na uvuguvugu. Katikati ya meno mlikuwa na mabaki ya chakula cha jana. Upande wa kaakaa uliganda utelezi wa manjano unaonuka kama maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chombo. Kinyaa aliyashika kwa koleo, akayatumbukiza kwenye dawa, na chai yake ya asubuhi akaimwaga.

Mjomba hakuwa na shida hiyo. Aliyadaka kwa mkono mtupu, akayageuza, hata akayanusa. "Huyu anavuta," alisema, au, "Huyu hapigi mswaki, anasukutua tu." Kisha alijipangusa kwenye aproni na kuumega mkate wake. Kinyaa alitazama pembeni. Alimpenda mjomba wake, na mtu unayempenda unajifunza kumtazama pembeni. Baba yake alipoondoka nyumbani na kusahau njia ya kurudi, mjomba ndiye aliyekuja kuziba paa, akasimama mbele ya mwalimu mkuu kama mzazi, akamfundisha kazi bila kumpigia kelele. Kinyaa alipojikwaa kwenye ngazi usichanani akavunjika jino la mbele, mjomba alimtengenezea kipande chenye jino moja, kizuri hata mama yake mwenyewe alisahau kama si la kuzaliwa nalo. "Fundi wa meno mwenye pengo," mjomba alisema akimvisha, "ni kama kinyozi mwenye chawa."

Tatizo la akriliki linajulikana kwa kila fundi. Ufa huanzia kwenye kijikwaruzo kidogo mbele, kati ya meno mawili, kisha siku moja hukimbia katikati ya kaakaa na meno yakawa mapande mawili. Wenye akili walianza kuchanganya chembe za mpira kwenye unga, ili ufa ukifika kwenye mpira ukwame kama gari kwenye matope. Lakini mpira nao hulegeza. Mteja akitafuna anahisi meno yanacheza. Ndipo wengine wakaongeza chembe ngumu, za kioo au za kauri, zirudishe ule ukakamavu uliopotea. Si kazi rahisi kuvipatanisha hivyo vitatu.

Mjomba alitangaza kwamba yeye amevipatanisha. Alikuwa na unga wake, aliouita unga mgumu, ndani ya kopo la biskuti kwenye stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni mwake. Alichanganya mwenyewe, mlango ukiwa umerudishwa. Kinyaa alipouliza ni chembe za nini, alijibu, "Siri ya fundi," akamkonyeza. Na kweli meno yalitoka makakamavu. Ukiyagonga mezani yalilia kama kisahani cha kikombe. Mjomba aliwapa wateja wagonge wenyewe wasikie, na wateja walicheka wakiwa na mapengo yao, wakaenda kuwaambia wenzao. Daktari akaongeza oda.

Kisha yakaanza kurudi. Yalirudi ya mteja mmoja, halafu ya wawili kwa pamoja, yote yamepasuka katikati. Mjomba alikuwa na jibu kwa kila moja. Huyu anatafuna mifupa. Huyu kayaangusha kwenye sinki anaona haya kusema. Huyu analala nayo.

Jumapili moja walikuwa mezani nyumbani kwa mama yake Kinyaa, ambaye alikuwa dada mkubwa wa mjomba. Meno ya juu ya mama yote yalikuwa ya bandia, na yalikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa unga mgumu, zawadi ya kaka yake. Chakula kilikuwa kimekwisha na mama alikuwa anakula ndizi mbivu akisimulia habari za jirani. Kikasikika kitu kikisema kak.

Mama alinyamaza. Alitia vidole mdomoni akatoa nusu ya meno, imepakwa ndizi iliyosagika, na uzi wa mate wenye damu ukafuata kutoka mdomoni mpaka mkononi, ukarefuka, ukakatika juu ya kitambaa cha meza. Nusu ya pili ilikuwa imejichomeka kwenye ufizi. Aliivuta kwa kwikwi, machozi yakimtoka.

"Utakuwa umetafuna mfupa, dada," mjomba alisema.

"Nfufa ufi?" mama aliuliza, midomo imeshaporomoka ndani. "Hii ni ndiji."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alinyoosha mkono. "Lete nikayatengeneze."

Kinyaa ndiye aliyeyawahi. Aliyachukua mapande yote mawili kwa mkono mtupu, yakiwa na ute na ndizi na damu, na mezani wote walimkodolea macho, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akishika kitu cha namna hiyo. "Nitayatengeneza mimi," alisema. 

Kesho yake mjomba alipotoka kupeleka kazi kwa daktari, Kinyaa alikata shauri kujaribu jambo. Kwenye debe la kazi kulikuwa na unga uliokwisha kuchanganywa na mjomba. Alitengeneza nao kijiti, kirefu kama kidole, bapa kama rula. Akatengeneza kingine cha akriliki tupu, na kingine cha akriliki yenye mpira peke yake. Alivichemsha, akavipiga msasa, kisha akakikata kila kimoja kialama kidogo kwa msumeno, mfano wa ule mkwaruzo ambao nyufa huanzia. Akakibana kijiti kwenye jiliwa na kukisukuma kwa kidole gumba.

Cha akriliki tupu kilijikunja kidogo, kikavunjika. Cha mpira kilijikunja sana, kikafanya weupe kuzunguka ile alama, kikachanika polepole kama kiatu kizee. Cha mjomba kilikataa kujikunja. Kinyaa alisukuma, akawa anajiambia labda mzee ana haki. Kisha, kwa nguvu ndogo kuliko ya kile cha akriliki tupu, bila weupe, bila dalili, kilisema kak, na kipande kikaruka chini ya rafu.

Alirudia mara kadhaa, na kila mara ikawa hivyo. Kwa kukataa kupinda, kijiti cha mjomba kiliwashinda wenzake. Lakini ufa ukishapata pa kuanzia, hakikuwa na cha kuusimamisha. Kilikuwa dhaifu hata kuliko akriliki tupu, pamoja na mpira wake wote. Kugonga mezani kulikuwa hakupimi kitu. Sahani nayo hulia vizuri inapogongwa.

Alichukua lenzi ya kukuzia, akawasha taa ya mezani, akatazama uso wa mpasuko. Ulikuwa kama mkate wa zabibu uliodonolewa zabibu zake. Palijaa matundu, na kila tundu lilikuwa laini ndani, kwa maana ile chembe iliyokuwemo haikushikwa na chochote. Ilikaa tu kama mgeni asiyekaribishwa, na ufa ulipokuja ikatoka nzima nzima. Chembe zenyewe zilikuwa kubwa na za kila umbo. Ufa ulikuwa umetoka tundu hili ukaenda lile, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

Mpaka hapo lilikuwa kosa la ufundi, na ufundi hurekebishwa. Aliyasafisha meno ya mama akayaweka chini ya lenzi pia. Hapo ndipo alipoona chembe moja ya waridi, lakini si waridi yao. Ilikuwa imeiva zaidi, karibu na rangi ya maini, na ndani yake palikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Kuna watengenezaji wanaotia nyuzi nyekundu kwenye unga wa fizi ili zifanane na mishipa ya damu. Mjomba hakuwahi kuutumia unga huo, aliuona ni madoido. Kando ya chembe hiyo palikuwa na nyingine nyeupe, ya kauri, yenye pembe ya mviringo upande mmoja, na kwenye huo mviringo palikuwa na doa la kahawia ambalo halipatikani dukani. Linapatikana kwa miaka ya chai na sigara.

Kinyaa aliondoa jicho kwenye lenzi. Ulimi wake, bila kutumwa, ulikuwa umekwenda kugusa jino lake la mbele.

Mjomba aliporudi alimkuta amekaa palepale.

"Kwenye kopo mna nini, mjomba?"

"Nilishakwambia. Siri ya fundi."

"Ni meno."

Mjomba alivua kofia, akaitundika, akaipangusa vumbi lisilokuwepo. "Ni meno," alikubali, kama aliyeulizwa kama nje kuna mvua. "Ulidhani nini, dhahabu? Njoo uone, kwa kuwa umeshajua."

Alifungua stoo mwenyewe. Nyuma ya mifuko ya plasta palikuwa na kiroba kimefungwa kwa kamba. Alipokifungua, harufu ilitangulia. Haikuwa ya uozo, ni afadhali ingekuwa ya uozo. Ilikuwa ya kitambaa kibichi kilichokunjwa kabla hakijakauka, na ndani yake mlikuwa na kitu kitamu kidogo. Mjomba alizamisha mkono na kuuinua umejaa, kama mtu anayeonyesha maharage. Meno ya juu, meno ya chini, vipande vyenye waya vilivyong'ang'aniana, makaakaa yaliyogeukia huku na huku. Yalikuwa midomo mitupu mingi inayocheka. Mengine yalikuwa bado na ukoko wa kijivu kati ya magego.

"Nilianza na makombo yetu ya msasa," mjomba alieleza. Sauti yake ilikuwa ileile aliyomfundishia kazi. "Nikaona yanafaa. Kisha yale mazee ambayo wateja wanaacha wakichukua mapya. Unadhani yanakwenda wapi? Jalalani, watoto wachezee? Hayo yakaisha. Sasa kuna jamaa mmoja ananiletea."

"Jamaa gani?"

"Anafanya kazi mochwari."

Kinyaa alirudi nyuma hatua moja.

"Wenyewe hawayahitaji, mama," mjomba alisema kwa upole. "Yangefukiwa bure. Mimi nayaloweka, nayachemsha, nayasaga, nayachekecha. Ukishasaga ni unga tu. Unga hauna jina la mtu."

Kinyaa alifika kwa taabu kwenye sinki la kuoshea plasta. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika kitu kichungu cha kijani, na kila alipodhani kimekwisha aliuona ule uzi wa mate wa mama ukirefuka. Mjomba alisimama nyuma yake akimpigapiga mgongoni kwa mkono uleule. Akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe, chenye alama ya midomo ukingoni. Kinyaa alikitazama kikombe, akainama tena.

"Nani ameugua?" mjomba aliuliza. "Nitajie mmoja."

"Yanavunjika."

Hilo ndilo lililomgusa. Kinyaa aliliona usoni mwake, na lilimtia kichefuchefu kuliko kiroba. Maiti hawakumnyima usingizi, kuvunjika ndiko kulikomuuma. "Hilo nalijua," alisema. "Chembe ni kubwa. Nikipata chekeche la matundu madogo zaidi, hilo litakwisha. Nilikuwa nafikiria kukushirikisha."

"Umempa dada yako alie chakula meno ya maiti."

"Nimempa dada yangu meno," mjomba alijibu. "Alikuwa hana."

Kinyaa alivua aproni, akateremka ngazi, akaenda nyumbani kwake kwa miguu. Bafuni alikivua kile kipande chenye jino moja akakisugua kwa sabuni, kwa dawa, kwa maji ya moto. Alipotaka kukirudisha, mdomo wake ulikataa kufunguka. Alijikumbusha kwamba ni cha zamani, cha kabla ya unga mgumu. Akajiuliza atajuaje. Alikwenda kuchukua koleo, akakivunja. Kilivunjika vizuri, uso wa mpasuko uling'aa kama kioo, msafi, bila punje ya kitu. Mjomba alikuwa amempa kitu halisi. Kinyaa alikaa ukingoni mwa beseni na mapande mawili mkononi, akalia kwa hasira, asijue anamkasirikia nani. Kisha aliyatupa.

Alipokwenda kwa mama yake, mama aliyekuwa hana meno alimtazama bintiye mwenye pengo. "Na lako limekwenda wafi?"

Akamweleza. Hakupunguza neno, kwa sababu alijua akianza kupunguza hatamaliza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaenda kwenye bomba la uani, akajaza chumvi kinywani, akazifikicha fizi zake kwa kitambaa kibichi mpaka maji aliyotema yakawa mekundu. Kinyaa alimshika mkono, akautoa. Baadaye mama aliuliza, "Mwanamke au mwanamume?"

"Nani, mama?"

"Wa kwenye meno yangu."

"Wengi. Wamechanganyika."

Mama alikikamua kile kitambaa. "Baba yako aliniacha nikiwa na umri kama wako," alisema, kwa matamshi yake ya fizi tupu. "Sikumbusu mwanamume mwingine. Leo naambiwa nimelaza umati."

Kwa daktari ilikuwa rahisi zaidi, maana daktari hakuwa ndugu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache, ambaye alikuwa akipeleka kazi kwa mjomba tangu kufungua kliniki. Alitazama kwenye lenzi kwa muda mrefu. Kisha aliinuka akanawa mikono, ingawa alikuwa hajagusa kitu, akapiga simu. Mhudumu wa mochwari alifukuzwa kazi siku chache baadaye. Mjomba alihojiwa, karakana ikafungwa, naye akakatazwa kufanya kazi hiyo tena. Maofisa wa afya walikuja kukichukua kiroba wakiwa na glavu na barakoa, kikachomwe. Kwenye ngazi meno ya mtu mmoja yalidondoka. Ofisa wa nyuma, aliyekuwa anaongea na simu, aliyasukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye kona. Kinyaa alisimama akimtazama anavyojikung'uta kiatu. Aliyaokota yeye, kwa leso, akayapeleka kwenye gari. Yalikuwa madogo, ya mwanamke pengine. Aliona aibu kwamba bado yanamchefua.

Wateja waliitwa kliniki mmoja mmoja warudishe meno, na daktari alishikilia kwamba waambiwe sababu. Dereva mstaafu mmoja alitema kwenye beseni, akatema tena, akaendelea kutema mpaka akawa hana mate. Mama mmoja alicheka, akacheka, mpaka wakagundua si kicheko. Lakini mwalimu mmoja mzee aliyekuwa anafundisha kuimba alisikiliza yote akiwa amekunja mikono, akasema, "Mimi yangu siyatoi."

"Yatavunjika," Kinyaa alimwambia.

"Yakivunjika nitakuja. Nimeyazoea. Huyo aliyekuwa nayo, kama ananiona, anisamehe." Akafumba mdomo, akaaga kwa kichwa. Kinyaa alimsikiliza anavyoteremka akijisafisha koo, akakimbilia dirishani kutafuta hewa.

Daktari alimpa chumba cha nyuma afanye kazi hapo. Aliagiza unga wa kioo wa kiwandani, laini kama poda, uliopakwa dawa ya kuufanya ushikane na akriliki. Akaanza tena na vijiti vyake. Alidhani usafi wa vifaa utatosha, haukutosha. Chembe zilijikusanya mabonge mabonge, na vijiti vilivunjika kak kama vya mjomba, tofauti ikiwa tu kwamba sasa vilivunjika bila dhambi. Alipunguza mpira, akaongeza mpira. Wakati huo mama alikunywa uji, akapiga supu, mashavu yakabonyea. Alipoambiwa atatengenezewa mapya alisema hataki kitu cha mtu mdomoni, hata kiwe cha malaika.

Jumapili moja Kinyaa aliingia nyumbani kwa mama akamkuta mjomba mezani.

"Ni kaka yangu," mama alisema kabla hajaulizwa. "Nimemchukia mpaka nimechoka. Kaa ule."

Kinyaa alikaa, kwa sababu ya mama. Mjomba alikuwa amekonda, lakini anakula vizuri. Kwa mara ya kwanza Kinyaa aliyatazama meno yake, yote ya kuzaliwa nayo, mazima, makubwa, yakisaga nyama taratibu huku mafuta yakimeremeta kwenye kidevu. Alizungumza akiwa na chakula mdomoni, kama kawaida yake.

"Nasikia unahangaika na vijiti."

Kinyaa alisogeza sahani yake.

"Utakuwa unatia chembe nyingi mno. Punguza. Tena usizitie kwenye unga mkavu, hapo ndipo zinaposhikana zenyewe kwa zenyewe. Zitie kwanza kwenye maji ya dawa, zitikise mpaka zilowe kila upande, ndipo ulete unga. Chembe isiposhikwa na fizi ni tundu tu." Alipitisha ulimi kwenye meno ya mbele. "Mpira uache kama ulivyo. Mpira haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu."

Lilikuwa neno la karibu zaidi na toba alilowahi kulitoa, na alilitoa juu ya chembe. Kisha alichagua mnofu kwenye sahani yake, akauweka kwenye sahani ya Kinyaa kwa vidole, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni. Kinyaa aliutazama mnofu ukitoa mvuke. Aliomba radhi, akatoka nje.

Alijiapiza hatafuata neno lolote la mtu yule. Jumatatu asubuhi alilifuata. Alipunguza chembe, akazitikisa kwenye maji ya dawa, akaleta unga. Kijiti kilipochemka na kupoa alikikata alama, akakibana. Kilikuwa kikakamavu, lakini kilipolemewa kilijikunja, na kuzunguka alama pakatanda weupe kama ukungu. Ufa ulitoka, ukaenda kidogo, ukapinda, ukasimama. Ilibidi asukume kwa mikono yote miwili. Kwenye lenzi aliona chembe zimekaa imara mahali pake, kila moja imevaa vinyuzi vya akriliki vilivyochanika vikiwa vimeing'ang'ania. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya. Alisikia furaha ikipanda, na nyuma yake, bega kwa bega, kile kichefuchefu.

Alitengeneza meno ya mama kwa mchanganyiko huo. Alipompelekea, mama aliyashika kwa ncha za vidole, akayageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mna mtu humu?"

"Hamna. Kioo, mpira na akriliki. Nimechanganya mwenyewe."

"Na ufundi?"

Kinyaa angeweza kudanganya. "Wa mjomba," alisema.

Mama alinusa meno, akayasuuza, akakaa nayo mapajani muda mrefu. Mwishowe aliyavaa, akajaribu taya huku na huku. "Haya," alisema, na herufi zake zikawa zimerudi mahali pake. "Yeye angalau namjua." Akafunga khanga, akatoka kwenda kumsalimia jirani ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkwepa tangu siku ya ndizi.

Mjomba bado anakuja kila Jumapili. Kinyaa humwamkia shikamoo kama anavyopaswa, na akiwa na swali la kazi humuuliza akiwa amesimama karibu na mlango, naye hujibiwa vizuri, kwa subira ileile ya zamani. Chakula kikipakuliwa Kinyaa huchukua sahani yake akaenda kukaa jikoni, kiti amekigeuzia ukuta, asimwone akitafuna.